Mizani ya Kisima cha Nne

Matokeo ya kisima cha nne yalipotokea kwenye kioo cha kompyuta, mkemia alifurahi. Aliitambua furaha hiyo mara moja na ikamshangaza, kwa sababu namba aliyoiona ilikuwa mbaya. Naitreti, miligramu tisini na mbili kwa lita. Maji ya kunywa hayaruhusiwi kuzidi hamsini. Juu ya hapo huanza kuwadhuru watoto wachanga. Visima vingine vyote vya eneo lile vilikuwa na kumi na kitu. Cha nne peke yake ndicho kilichoruka, na cha nne ndicho kilichokuwa karibu zaidi na mabwawa ya mdogo wake.

"Msumari," aliita, "njoo uone."

Fundi wa maabara alikuwa mwembamba na amenyooka kuanzia kisogo hadi kisigino, ndiyo maana wakamwita hivyo. Aliacha beseni la chupa, akaja akijifuta mikono kwenye koti.

"Salaale! Hicho si kisima cha Kitinda?"

"Ni kisima cha idara."

"Ndiyo, cha idara. Kilicho mlangoni kwa Kitinda." Aliinama karibu na kioo. "Nikipime tena?"

"Nimekipima mara mbili. Mashine haina kosa."

Alikipima mara mbili kweli, na mashine haikuwa na kosa. Alikuwa amechota mara zote mbili kutoka chupa ile ile.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, lakini siku hizi hata mkurugenzi wa idara ya maji alimwita hivyo, na magazeti nayo. Alikuwa mhandisi. Kazi iliyompa umaarufu ilikuwa mabwawa manne kando ya korongo, na wabishi wa mji walipoyasikia mara ya kwanza walicheka sana: mtu anachimba bwawa ili livuje! Lakini kuvuja ndiko kulikotakiwa. Korongo lile hukauka karibu mwaka mzima. Likipata maji huyapata kwa pupa, mara moja au mbili kwa mwaka, mafuriko ya rangi ya matofali yanayopita kwa kishindo na kuishia kwenye uwanda wa chumvi, ambako jua huyamaliza bila faida kwa mtu. Kitinda aliweka malango ya chuma ubavuni mwa korongo, akayageuza maji yaingie kwenye mabwawa yenye sakafu ya mchanga, yazame taratibu hadi kwenye mwamba ambamo visima vya mji huchota. Msimu wa kwanza visima vilipanda kuliko kimo cha mtu. Mitaa ya mwisho wa bomba, iliyokuwa ikipata maji kwa zamu, iliacha kupanga ndoo.

Mkemia alikuwa amepinga, naye alikuwa na hoja. Katika nchi kavu mvua hailoweshi ardhi hadi chini. Hulowesha juu tu, mimea ikanywa, jua likachukua kilichobaki, na chumvi zilizokuja na mvua hiyo zikabaki pale pale udongoni, pamoja na naitreti, karne kwa karne. Mwagia udongo kama huo maji mengi kwa mkupuo, na utaisukuma akiba yote hiyo ndani ya visima. Aliyasema haya kwenye kikao, kwa michoro. Wajumbe walikohoa. Wiki chache baadaye Kitinda alihamisha ramani ya mabwawa kutoka uwandani hadi kwenye mkondo wa zamani wa korongo, ambako mafuriko yalikuwa yameusuuza mchanga tangu enzi na enzi na hapakuwa na akiba ya kusukuma. Mpango ukapita. Kwenye taarifa ya mwisho palikuwa na mstari mmoja wa kumshukuru mkemia mkuu kwa angalizo lake.

Angalizo. Utafiti wa maisha yake ya kazi ulikuwa umeingia ndani ya mabwawa ya mtu mwingine kwa jina hilo.

Sasa palikuwa na tisini na mbili. Asubuhi ile walinzi wa vituo vya juu walikuwa wamepiga simu kwamba mvua imenyesha milimani na maji yatafika kesho. Malango yangefunguliwa au yasingefunguliwa. Mkemia alinyanyua simu, akampigia mkurugenzi, akamsomea namba.

Msumari alimtazama mpaka alipoishusha. Juu ya sinki palikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka mingi, mwandiko wa mkemia mwenyewe: *Namba haitoki mlangoni mpaka mizani ifunge.*

"Bosi," alisema, "mizani bado."

"Najua kwamba bado."

"Nilidhani umesahau."

"Sijasahau, Msumari. Kaoshe chupa."

Mchana mkemia alikwenda nyumbani kula. Mama yao alikuwa akikaa kwake tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Chumba chake kilitazama barabara, na hakuna aliyepita bila kutolewa maelezo.

"Umewahi leo," Mama alisema. "Mmekosa maji ya kupima?"

"Nimekuja kula, Mama."

"Kula basi, chakula kimefunikwa. Mdogo wako amesema atapita. Jana wamemwonyesha tena kwenye taarifa ya habari. Ile kofia ngumu inampendeza, utadhani amezaliwa nayo."

"Alizaliwa bila hata nywele. Nilikuwepo."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Kweli. Na ulikataa mtu mwingine asimbebe. Ulitembea naye mgongoni kama mzigo wa kuni." Alipangusa macho. "Yule jirani wa mbele siku hizi ananiita Mama Mabwawa."

"Zamani alikuita nani?"

Mama alifikiri kwa uaminifu. "Zamani alikuwa haniiti."

Mkemia alifunua sahani. Kwa nusu ya umri wake alikuwa ndiye aliyehakikisha kwamba jirani yule, na mji mzima, hawanywi kitu kitakachowadhuru. Kazi kama hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Hakuna kamera inayokuja kupiga picha ya ugonjwa ambao haukutokea.

"Mgema akisifiwa, Mama," alisema.

"Tembo hulitia maji," Mama alimalizia, kisha akampungia mkono. "Ee, si ndiyo kazi aliyosomea, kutia maji?"

Kitinda aliingia bila kubisha, akaacha buti za matope mlangoni. "Shikamoo Mama. Shikamoo Dada." Alikuwa na simu mkononi na nyingine ikilia mfukoni, na akazizima zote mbili kabla hajaketi. Mkemia aliliona hilo. Kwa watu wengine alikuwa akizima moja.

"Mkurugenzi amefunga malango kwa mnyororo na ufunguo ametia mfukoni mwake," Kitinda alisema. "Anasema ni wewe uliyempigia."

"Ni mimi."

"Tisini na mbili?"

"Tisini na mbili."

"Tisini na mbili nini?" Mama aliuliza. "Nani ana homa?"

"Ni maji, Mama. Hakuna mgonjwa." Kitinda alimgeukia dada yake. Uso wake haukuwa na ugomvi. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya hesabu. "Mizani imefunga?"

Watu wengi wa mji ule wasingejua swali hilo lina maana gani. Kitinda alilijua kwa kuwa alifundishwa na dada yake, kwenye meza hii hii, alipokuwa shule na kemia ikimliza. Maji, hata yawe na chumvi kiasi gani, hayana umeme wake. Kila chumvi ikiyeyuka hugawanyika, upande mmoja chaji chanya, upande wa pili chaji hasi, na pande hizo mbili hulingana daima. Basi mpimaji akipima kila kitu, akajumlisha chanya, akajumlisha hasi, jumla zinapaswa kukutana. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia tano, kuna kitu kimepimwa vibaya. Maji hayasemi uongo. Anayeweza kukosea ni mpimaji.

"Chanya bado ziko kwenye mashine," mkemia alisema. "Zitatoka alasiri."

"Lakini umeshampigia."

"Watoto wachanga hawasubiri mizani."

Sentensi ilitoka nzuri, na aliisikia jinsi ilivyokuwa nzuri, kama sentensi ya hotuba.

Kitinda alitikisa kichwa polepole. "Sawa. Angesema mtu mwingine ningebisha mpaka kesho. Ukisema wewe, Dada, sina neno." Alijimiminia chai, akainywa amesimama. "Basi yakija yapite tu. Walinzi wamepiga tena, mvua ilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Huenda yakafika leo leo, kabla jua halijatua."

"Walisema kesho."

"Maji hayana saa." Alicheka kidogo, bila nguvu. "Mitaa ya chini itarudi kwenye ndoo mwaka huu. Itabidi niwaambie mwenyewe."

"Mnagombana?" Mama aliuliza.

"Hatugombani," wakajibu kwa pamoja.

Ndilo lililomkera mkemia njia nzima ya kurudi kazini. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na majibu yaliyopangwa kama chupa kwenye kreti, kila moja na lebo yake, na mtu aliyeandaliwa majibu hayo alikunywa chai, akavaa buti, akaondoka akimwamini.

Msumari alikuwa amekwisha kutoa matokeo ya upande wa pili. Kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu. Mkemia aliziingiza kwenye jedwali moja moja. Kisima cha kwanza kilifunga kwa asilimia moja. Cha pili, cha tatu, cha tano na cha sita vilifunga chini ya mbili. Cha nne kilikataa. Hasi, ambazo naitreti ni mojawapo, zilizidi kwa asilimia sita na nusu.

"Kanuni inasema tano," Msumari alisema nyuma yake.

"Naijua kanuni. Niliiandika mimi."

"Ndiyo maana nakukumbusha kwa adabu."

Sita na nusu si kosa la kutisha. Ni namba ambayo mtu mwenye haja anaweza kuishi nayo, na mkemia alikuwa na haja. Alimwambia Msumari arudie sodiamu, kwa kuwa sodiamu ikisomwa pungufu chanya hupungua. Sodiamu ilirudi ile ile. Alifikiria kipimo cha bikaboneti, hasi nyingine, alichokifanya pale pale kisimani, kwa kudondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Lakini alikifanya kwa mkono wake na visima vitano vilikuwa vimefunga kwa mkono huo huo. Aliendelea hivyo kwa muda, akitafuta kosa kila mahali isipokuwa kwenye namba aliyoipenda.

Mwishowe akafanya jambo ambalo mwanafunzi wake yeyote angeagizwa alianze nalo. Aliifuta tisini na mbili, akaweka mahali pake kumi na nne, naitreti ya visima vya jirani, akabonyeza. Mizani ilifunga kama mlango wa jokofu.

Alikwenda kabatini, akatoa chupa za visima vyote, akatumbukiza kipimo cha uchachu, yaani kiasi cha asidi, ndani ya moja baada ya nyingine, akilinganisha na alichoandika kisimani. Maji ya kisima yakitoka chini huja na gesi iliyoyeyuka ndani yake. Yakikaa kwenye chupa gesi hutoroka, na uchachu hupungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye chupa tano. Ya kisima cha nne ilikuwa imeongeza uchachu tangu siku ilipojazwa.

Maji hayachachi yenyewe.

"Asidi," Msumari alisema kwa sauti ndogo.

"Asidi."

Chupa zote za maabara ile zililazwa kwenye asidi ya naitriki ili ziwe safi kabisa, kisha zikasuuzwa na kuinamishwa zikauke. Matone machache huweza kubaki shingoni. Kwa hiyo anayechukua sampuli ni lazima aisuuze chupa mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuijaza. Asiposuuza, hupima naitreti aliyokuja nayo kutoka maabara. Matone manne kwenye chupa ya robo lita yanatosha kabisa.

"Lakini hii ulijaza wewe," Msumari alisema. "Basi ulisuuza tu. Wewe hata kikombe cha chai unakisuuza mara tatu, tunakucheka jikoni."

Mkemia alijaribu kujiona akisuuza. Kisima cha kwanza alijiona. Cha pili pia. Kwenye cha tatu maji ya kusuuzia aliyamwaga juu ya kiatu chake. Kwenye cha nne aliona kila kitu isipokuwa hilo. Pampu ilikuwa imeendeshwa vya kutosha ili maji yaliyolala bombani yatoke na maji mapya ya mwamba yafike. Vipimo vya joto na chumvi vilikuwa vimetulia. Alikuwa ameshika chupa, kifuniko mkononi mwingine, wakati msafara wa wageni ulipotokea nyuma ya tuta la bwawa, na mbele yao Kitinda, anatembea kinyumenyume kama waongozaji wanavyofanya, anaeleza kwa mikono. Wageni walikuwa wakimtazama kwa namna ambayo mkemia hajawahi kutazamwa na mtu yeyote. Kisha Kitinda alisimama, akaelekeza kidole upande wake. "Na yule pale ndiye dada yangu. Kila ninachokijua kuhusu maji, yeye ndiye aliyenifundisha." Wageni waligeuka. Wakampigia makofi, makofi machache ya heshima, yale wanayopigiwa wapishi mwishoni mwa sherehe. Halafu wakamgeukia Kitinda tena.

Akaijaza chupa. Akaifunga. Alikumbuka jinsi alivyokikaza kifuniko, kwa nguvu isiyohitajika.

"Nitachukua sampuli nyingine kesho," alimwambia Msumari.

"Kesho," Msumari alirudia. Alitazama dirishani, upande wa milima, akatazama tena meza. "Sawa, bosi."

Alikaa. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, na alilipima kama anavyopima kila kitu. Hakulazimika kudanganya. Alichotakiwa kufanya ni kuchelewa. Maji yangepita jioni hii, mabwawa yangebaki makavu, na kesho yeye angerudi kisimani, angepima upya, angetangaza kumi na nne. Watu wangesema maabara imechukua tahadhari, na tahadhari haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Kwa mwaka mmoja mzima hakuna ambaye angepiga picha ya mabwawa yale. Msumari angenyamaza, alikuwa amekwisha kuanza.

Mitaa ya chini ilimjia akilini, lakini ilikuja kama takwimu, na takwimu haikumnyanyua kitini. Kilichomnyanyua ni kumfikiria Kitinda kesho asubuhi. Kitinda angekwenda kisimani kwa chupa yake mwenyewe, kwa kuwa alifundishwa kurudia. Angesuuza mara tatu. Angepata kumi na nne, na kwa akili yake ile angefika kwenye chupa, kisha kwenye mkono, kisha kwenye sababu. Na asingesema kwa mtu yeyote. Angemsamehe. Angekuja kula chakula cha mchana, angesema shikamoo Dada, angezima simu zote mbili, na msamaha huo ungekuwa ukiketi mezani pamoja nao mpaka mmoja wao azikwe.

Alimpigia mkurugenzi. Simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Kitinda, ilikuwa inatumika. Alichukua funguo za gari la idara, akaacha koti jeupe juu ya kiti.

Aliyasikia maji kabla hajayaona. Palikuwa na watu wengi kwenye ukingo wa korongo, kama inavyokuwa kila yanapokuja, lakini hakuna aliyeshangilia, jambo ambalo si kawaida. Maji yalikuwa yamekwisha kufika. Yalipita mbele ya malango yaliyofungwa, mazito, yamebeba magogo na ndala na kreti ya plastiki, yakielekea kwenye uwanda wa chumvi. Mkurugenzi alisimama karibu na gurudumu la kufungulia, mnyororo ukiwa umezungushwa mara mbili. Kitinda alikuwa hatua chache kutoka kwake. Mtu mmoja umatini alikuwa akimuuliza kwa sauti: "Mhandisi, si ulisema mwaka huu hatutapanga foleni? Ulisema kwenye televisheni!" Mwingine akadakia: "Televisheni haina foleni, bwana!" Wachache wakacheka. Kitinda alitazama matope ya buti zake.

Mkemia aliliona hilo pia. Alikuwa ametamani kuliona kwa muda mrefu, na sasa lilikuwa mbele yake, mdogo wake ameinamisha kichwa mbele ya watu. Na lilimpendeza kwa muda mfupi tu, kama sukari. Alipita katikati yao hadi kwa mkurugenzi.

"Fungua," alisema. "Namba ya kisima cha nne si ya kweli. Naitreti ni kama kumi na nne."

Mkurugenzi alikuwa mtu mnene aliyependa mambo yaje kwa utaratibu. "Asubuhi umeniambia tisini na mbili."

"Ilikuwa asidi ya chupa. Fungua kwanza, nitakueleza huku maji yakiingia."

"Mama, mimi siwezi kufunga na kufungua kama mlango wa choo. Nani atabeba hili? Nani alichukua hiyo sampuli?"

"Sisi," Kitinda alisema.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amenyanyua kichwa, na sauti yake ilikuwa ile ile tulivu ya wageni na kamera. Alikuwa amelisikia neno asidi, na neno moja lilimtosha.

"Ni timu yangu, Mkurugenzi. Siku ile tulikuwa na msafara, kazi ilikuwa nyingi. Bila shaka chupa haikusuuzwa vizuri. Dada alipokea tu alicholetewa, na ni yeye aliyegundua. Nitabeba mimi."

Uso wa mkurugenzi ulilainika, na mkemia aliona kwa uwazi kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda. Watu hawa wangerudi nyumbani wakisema: mhandisi yule ana moyo, amekosea jambo dogo na amelikiri mbele ya watu wote. Jirani wa mbele angelisikia. Mama angelisikia kutoka kwa jirani. Lingeonyeshwa kwenye taarifa ya habari. Hata kosa hili, ambalo lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, lingechukuliwa na kuongezwa kwenye sifa za Kitinda.

"Hapana," alisema.

"Dada..."

"Hapana. Chupa ya kisima cha nne niliijaza mimi. Sikuisuuza. Namba niliitoa kabla ya mizani kufunga, kinyume na kanuni niliyoibandika ukutani. Hakuna mtu wa timu yake aliyegusa kitu." Alisema kwa sauti ya kutosha kufika ukingoni, na iliwafika. "Andika hivyo popote unapotaka kuandika. Sasa fungua, kabla mkia wa mafuriko haujapita."

Mkurugenzi aliwatazama dada na mdogo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekuta zawadi mbili na hajui ipi ni yake. Kisha akatoa ufunguo mfukoni. "Tutazungumza ofisini," alimwambia mkemia.

"Tutazungumza."

Vijana wawili walilizungusha gurudumu. Lango la kwanza lilinyanyuka kwa kelele ya chuma, na maji yakapinda, yakasita, halafu yakaingia. Nusu ya mafuriko, labda zaidi ya nusu, ilikuwa imekwisha kwenda kwenye chumvi. Iliyobaki ilitandaa juu ya mchanga wa bwawa la kwanza, ikapanda polepole. Umati ulipiga kelele, na wale waliokuwa wakimzomea Kitinda walikuwa wa kwanza kumwita jina. Mmoja alimpiga begani. Alitabasamu kwa adabu, akajitoa, akamfuata dada yake aliyekuwa akirudi kwenye gari.

"Dada, subiri. Nilitaka kukusaidia."

"Najua."

"Wangekufanya nini wewe, baada ya miaka yote hii? Mimi wangenisema wiki moja, wangesahau. Nilifikiri..."

"Najua ulivyofikiri. Ulifikiri vizuri. Siku zote unafikiri vizuri." Mkemia alifungua mlango wa gari. "Naitreti itapanda kidogo wiki za kwanza, kwa uchafu uliobebwa na mafuriko. Usimwambie mtu yeyote kwamba maji ni salama mpaka nipime. Wala wale wenye kamera."

"Ndiyo, Dada."

"Na siku nyingine ukitaka kunisaidia, tafuta kosa lako mwenyewe."

Kitinda alicheka, kisha akaona kwamba dada yake hacheki.